Mpira Upande Juu, Ushuke Kama Unyoya: Somo la Gofu Kutoka Matuta ya Nyanya

Mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Kamati ilipotangaza kwamba kila mwanachama alete makala ya kufundisha, wenzangu wengi walichagua upanzi wa miti, usafi wa meno na jinsi ya kufuga sungura. Mimi niliposimama na kusema nitaandika juu ya gofu, darasa zima liliangua kicheko. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Wewe na gofu wapi na wapi? Huo si mchezo wa matajiri?" Mwingine akasema ati msichana wa Embu anajua jembe, fimbo ya gofu aliiona wapi?

Sikuwajibu siku hiyo. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea, na mimi imeninyea. Leo nawajibu kwa kalamu.

NILIVYOUONA MCHEZO

Ndugu ya mama yangu ni kedi, yaani mtu anayebeba begi la fimbo za mchezaji na kumshauri uwanjani. Amefanya kazi hiyo katika klabu moja upande wa Nanyuki tangu kabla sijazaliwa. Mimi nimepewa jina la nyanya, mamake, kwa hivyo kama ilivyo desturi yetu yeye hunita "mama" na mimi namwita mjomba. Likizo ya Agosti mwaka uliopita nilipanda matatu hapa Embu, tukapita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, tukavuka mstari wa ikweta kabla ya kuingia mjini Meru, tukapanda hadi kwenye baridi ya Timau, na jioni nikafika kwake.

Nia yangu haikuwa kutalii. Nilikuwa na salio la karo la shilingi 6,500, na mama alinituma nikamweleze kakake kwa mdomo, maana mambo mengine kwa simu hayasemeki. Mjomba alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, Jumatatu makedi tuna mashindano yetu. Zawadi ya kwanza ni pesa taslimu. Nikishinda, hiyo karo tumeimaliza."

Jumatatu ndiyo siku ambayo klabu nyingi huwaachia makedi uwanja wacheze wenyewe. Kwa kuwa umri wangu hauniruhusu kubeba begi, nilimfuata kwa miguu tu, nikiwa na chupa yake ya chai. Alicheza vizuri, jameni! Shimo baada ya shimo, nikamwona mtu ambaye nyumbani husema maneno matatu kwa siku akitembea kama chifu. Tulipofika shimo la mwisho alikuwa anaongoza kwa pigo moja.

Sasa, shimo hilo lilikuwa juu ya kilima kidogo kilichotengenezwa kwa udongo, kama jukwaa. Mpira wa mjomba ulikuwa chini ya jukwaa hilo, hatua kama kumi na tano hivi. Akaupiga. Ukagonga ukingo, ukasita, ukateremka hadi miguuni pake kama mbwa aliyeitwa. Akaupiga tena, ukarudi tena. Mara ya tatu akaupiga kwa hasira. Ukaruka chini chini, ukapita juu ya jukwaa kama pikipiki isiyo na breki na kuangukia upande wa pili. Basi. Mashindano yakaisha hapo, na karo yangu pamoja nayo.

Tulirudi nyumbani kimya. Usiku, tukiota moto, mjomba akasema neno ambalo ndilo chanzo cha makala haya: "Mama, hilo pigo nimewafundisha watu kwa miaka mingi. Zamu yangu ilipofika nikaisikiliza karo badala ya kuusikiliza mpira."

Mwezi wa Desemba alikuja Embu kwa Krismasi, mkononi ana fimbo moja kuukuu na mfuko wa mipira iliyookotwa vichakani. Tukalifanyia kazi pigo lile kwenye shamba la nyanya. Haya nitakayoyaeleza ni yale aliyonifundisha, pamoja na machache niliyoyapata katika daftari la Fizikia.

MCHEZO WENYEWE KWA UFUPI

Kwa wasioujua, gofu ni mchezo wa kuupiga mpira mdogo kwa fimbo hadi uingie shimoni kwa mapigo machache iwezekanavyo. Mpira hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93 kwa uzito, na upana wake usipungue milimita 42.67. Shimo lina upana wa milimita 108, yaani kama mdomo wa kikombe kikubwa cha chai. Mchezaji haruhusiwi kubeba zaidi ya fimbo 14. Mahali penye shimo, ambapo nyasi hukatwa fupi mpaka zikafanana na zulia, huitwa grini.

Mchezo huu uliingia Kenya na Waingereza. Klabu ya Nairobi, ambayo leo inaitwa Royal Nairobi, ilianzishwa mwaka wa 1906. Mashindano makubwa ya Kenya Open yalianza mwaka wa 1967, na Mhispania Seve Ballesteros, aliyesifika ulimwenguni kwa mikono yake karibu na grini, aliyashinda mwaka wa 1978. Sisi wa Embu na Meru tuna majirani wenye viwanja vinavyojulikana: Nanyuki, Nyeri na Thika. Kule Mount Kenya Safari Club kuna uwanja wa mashimo 9 uliokatwa na mstari wa ikweta, hivi kwamba mchezaji hutoka kaskazini mwa dunia na kuingia kusini akiwa bado anautafuta mpira wake!

Tena msiseme ni mchezo wa matajiri tu. Ni kweli kwamba ada za klabu ni ghali. Lakini wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa hapa Kenya walianza kwa kubeba mabegi ya watu wengine. Waliangalia, wakaiga, wakawapita waliowabebea. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

TATIZO LA GRINI ILIYOINUKA

Pigo fupi la karibu na grini huitwa chipu. (Tafadhali usilichanganye na vibanzi vya pale stendi.) Kwenye grini iliyo sawa na pale uliposimama, chipu si kazi ngumu. Unausukuma mpira uruke kidogo, uanguke, halafu ubingirike hadi shimoni. Lakini grini ikiwa imeinuka, mambo hubadilika kwa sababu tatu.

Kwanza, ukiupiga mpira chini, utagonga ukuta wa udongo na kurudi. Ulimwona mjomba.

Pili, ukiupiga kwa nguvu ili upite ukingo, unafika juu ukiwa na mbio nyingi na hausimami. Mjomba pia ulimwona.

Tatu, na hapa ndipo wengi hawafahamu, hata mpira ulioruka vizuri hubingirika zaidi kwenye grini iliyoinuka kuliko kwenye grini ya chini. Kwa nini? Kwa sababu unakutana na ardhi kabla haujamaliza kushuka.

Wale wa Kidato cha Tatu mnakumbuka somo la mwendo. Tuseme mpira umepanda hadi kimo cha mita 2, na mbio zake za kwenda mbele ni mita 5 kwa sekunde. Ukianguka mahali palipo sawa na ulipotoka, umeshuka mita 2 kamili, na kasi yake ya kuelekea chini ni karibu mita 6.3 kwa sekunde. Unaingia ardhini kwa pembe ya digrii 52 hivi. Sasa mpira ule ule uangukie jukwaa lenye kimo cha mita 1. Umeshuka mita 1 tu. Kasi yake ya kuelekea chini ni mita 4.5 kwa sekunde, na pembe yake ni digrii 42. Mbio za kwenda mbele hazijapungua hata kidogo. Matokeo yake ni kwamba unalala zaidi na kukimbia zaidi.

Dawa yake ni ipi? Jukwaa likiwa na mita 1, kilele cha mpira nacho kiongezwe mita 1. Badala ya mita 2 upande mita 3. Hapo utashuka mita 2 kama kawaida na kuingia kwa pembe ile ile ya kwanza.

Watu husikia "pigo laini" wakadhani ni mpira unaoanguka polepole. Sivyo. Mpira uliopanda juu sana huanguka kwa kasi kubwa zaidi kwenda chini. Ulaini wake ni kwamba hauna haraka ya kwenda mbele. Ni kama mtu aliyeruka kutoka kwenye mti na aliyeruka kutoka kwenye matatu inayokwenda. Wa mti husimama alipoangukia, lakini wa matatu hukimbia hatua kumi kwanza, kama hakuanguka kifudifudi.

FIMBO YA KUTUMIA

Fimbo za gofu hazifanani. Tofauti kubwa iko kwenye uso wa chuma, yaani sehemu inayoupiga mpira. Uso uliosimama huupeleka mpira mbali na chini. Uso uliolala huupeleka juu na karibu. Fimbo zenye uso uliolala sana huitwa weji. Weji ya kawaida ina mlalo wa digrii 46 hivi. Weji ya mchanga ina kati ya digrii 54 na 58. Ipo pia yenye digrii 60, ambayo mjomba anasema humsaidia anayeijua na kumwaibisha asiyeijua.

Weji ya mchanga ilipata sifa kupitia Mmarekani Gene Sarazen, aliyeshinda Open ya Uingereza mwaka wa 1932 akiitumia. Siri yake haiko usoni bali chini, kwenye tumbo. Chuma cha chini kimefanywa kinene na cha mviringo, hivi kwamba fimbo ikigusa mchanga au nyasi huteleza badala ya kuchimba. Kumbuka tumbo hili, maana tutalirudia.

Kwa grini iliyoinuka, mwanafunzi aanze na weji ya mchanga. Asikimbilie ile ya digrii 60.

NYASI ZETU WENYEWE

Hapa nataka Mwafrika mwenzangu atembee kifua mbele kidogo. Ile nyasi nene inayotambaa, ambayo sisi tunaing'oa kahawani tukiilaani, kule nje inaitwa nyasi ya kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, huku huku kwetu. Ilipelekwa Afrika Kusini, Australia na hata California. Uwanja maarufu wa Riviera, karibu na Los Angeles, umejaa nyasi hii, na mabingwa wa dunia hutokwa na jasho wakiipigania.

Ni ngumu kwa nini? Kwa sababu inanata. Mpira ukitua ukingoni kwa mategemeo kwamba utabingirika hadi juu, nyasi hii inaushika kama mdeni aliyeonekana sokoni. Kwa hivyo ile mbinu ya kuupiga mpira chini ili upande kilima ukibingirika, ambayo huwafaa watu wa nchi nyingine, hapa mara nyingi hukataa. Lazima mpira upitie hewani.

Kuna ubaya mwingine. Majani ya nyasi yakiingia kati ya uso wa fimbo na mpira, hasa asubuhi yenye umande, mpira haupati ule mzunguko wa kinyumenyume unaousaidia kusimama. Basi asubuhi usitegemee mzunguko, tegemea kimo. Lakini wema wa nyasi hii ni kwamba mara nyingi huubeba mpira juu juu kama yai kwenye kiota, na mpira uliobebwa hivyo ni rahisi kupitishiwa fimbo chini yake.

JINSI YA KULIPIGA PIGO LENYEWE

Maelezo haya ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze.

1. Chagua mahali pa kuangukia kabla hujaishika fimbo. Usiangalie shimo kwanza. Tafuta mahali palipo tambarare juu ya jukwaa, hatua mbili au tatu ndani ya ukingo. Usilenge ukingo wenyewe, kwa sababu mpira ukipungua kidogo utarudi miguuni pako. Afadhali upitilize kidogo ubaki juu kuliko kupunguza ukarudi chini.

2. Angalia mpira umekaaje. Uko juu ya nyasi? Vyema. Uko kwenye udongo mtupu na mgumu? Basi sahau pigo hili. Fimbo iliyofunuliwa itadunda kwa lile tumbo lake na kuupiga mpira kichwani, nao utaruka chini chini kama risasi. Kwenye udongo mtupu usiufunue uso wa fimbo.

3. Funua uso wa fimbo kidogo, yaani uugeuze uangalie juu zaidi na kulia kidogo. Fanya hivyo kwanza, ndipo ushike mpini. Wengi hushika kwanza halafu wakageuza mikono, na wakipiga mikono hurudi ilipotoka.

4. Simama miguu ikiwa karibu, upana wa mabega usifike. Kwa kuwa uso wa fimbo unatazama kulia, mwili wako uelekee kushoto kidogo. Uzito uegemee mguu wa kushoto kidogo. Mpira uwe katikati ya miguu au mbele ya katikati kwa upana wa mpira mmoja. Mpini usilale mbele, maana ukilala mbele unausimamisha uso uliotoka kuulaza.

5. Shika kwa upole. Mjomba hunambia, "Mama, shika kama umeshika kifaranga. Asitoroke, lakini asife."

6. Rudisha fimbo nyuma ukikunja viganja kidogo, kisha ilete mbele kifua kikizunguka nayo. Fimbo ifagie nyasi chini ya mpira. Usiuchote mpira kama uji! Mlalo wa fimbo ndio unaoupandisha, kazi yako ni kupita tu. Urefu wa safari uamuliwe na ulivyorudisha fimbo nyuma, si kwa kusukuma kwa ghafula.

7. Maliza. Usisimamishe fimbo ilipougusa mpira. Kifua chako kiishie kikilitazama shimo, na uso wa fimbo uwe bado unaangalia mbinguni. Macho yabaki pale mpira ulipokuwa mpaka usikie umeondoka.

Na ikiwa umesimama kwenye mteremko wenyewe wa jukwaa, mpira ukiwa umeelekea kupanda? Hapo kilima chenyewe kimekuongezea mlalo. Weka mabega sambamba na mteremko, usiufunue uso wa fimbo sana, tena piga kwa nguvu kidogo zaidi kwa sababu mpira utapanda sana na kufika karibu. Kinyume chake, ukiwa kwenye mteremko wa kushuka, mlalo unapungua na pigo hili huwa gumu kwelikweli. Hapo, anayejua mipaka yake hulenga tu kufika juu, mahali popote.

MAKOSA MATATU YALIYOMUANGUSHA MJOMBA

Nilimwomba ruhusa kuyaandika, akacheka, akasema, "Andika, labda mwalimu atakupa maksi za kosa langu."

La kwanza, alilenga ukingo kwa sababu shimo lilikuwa karibu na ukingo. Alitaka pigo zuri kuliko pigo salama. Angetosheka na mpira uliokaa juu, hata mbali na shimo, angekuwa amebakiza mapigo mawili na ushindi.

La pili, aliogopa. Mtu akiogopa hupunguza mwendo wa fimbo karibu na mpira, na fimbo iliyopungua mwendo huchimba ardhi kwanza. Ndio maana mipira miwili ya mwanzo haikufika.

La tatu, alikasirika. Pigo la tatu alinyanyua kichwa aone mpira unakokwenda kabla haujaenda. Kichwa kikipanda, mikono nayo hupanda. Fimbo ikaupiga mpira katikati ya tumbo badala ya kupita chini yake.

Ukiyatazama, hakuna hata kosa moja la kutojua. Alijua yote. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwanafunzi anaweza kuijua kanuni usiku na kuikosa asubuhi kwenye karatasi ya mtihani.

SHAMBA NI UWANJA

Utauliza, sasa mimi nisiye na klabu nitafanyia wapi mazoezi? Angalia nyuma ya nyumba yenu. Mashamba yetu ya Embu na Meru yako mtelemkoni, na wazee wetu waliyakata matuta ya fanya juu ili mvua isiubebe udongo hadi mtoni. Tuta lina ukuta wa udongo, juu yake pana tambarare, na ukingoni mna nepia ya ng'ombe. Hiyo si grini iliyoinuka ni nini?

Mimi na mjomba tulichagua tuta ambalo nyanya alikuwa ameshavuna maharagwe. Tukatandaza gunia juu yake, mita 2 kutoka ukingoni, liwe ndilo shabaha. Kazi ilikuwa kuuangusha mpira guniani, si kuufikisha tu. Mipira ilipopotea kwenye nepia tulitumia makadamia zilizooza, ambazo ni ndogo kuliko mpira lakini hufundisha macho. (Usitumie zile nzuri. Zinauzwa kwa kilo, na nyanya anajua hesabu.)

Siku ya kwanza nilipiga mara 50. Guniani ziliangukia 3. Nyingine ziligonga ukuta, na moja ilimkosa kuku padogo. Nyanya alitoka akashika kiuno, akauliza, "Ni kazi gani hiyo ya kupiga shamba lisilokukosea?" Mjomba akamjibu kwa adabu kwamba ni masomo. Nyanya akasema, "Basi someni upande ule mwingine."

Tulisoma upande ule mwingine kwa wiki mbili, saa moja kila jioni baada ya kukata nepia. Sikuruhusiwa kubadilisha shabaha mpaka niipate mara 5 mfululizo. Siku ya kumi na mbili niliipata. Mjomba naye alikuwa akipiga, ila yeye alijiwekea sharti la ajabu. Kabla ya kila pigo alinitaka nimwambie kwa sauti, "Karo! Karo! Karo!" Mwanzoni nilicheka. Halafu nikaona kwamba anajizoeza kulisikia lile neno bila mikono yake kutetemeka, nikaacha kucheka.

MWISHO WA HADITHI

Pasaka iliyofuata makedi walishindana tena. Sikuwepo kwa sababu nilikuwa nikijisomea kwa ajili ya mtihani wa muhula, lakini mjomba alinipigia simu jioni. Alifika shimo lile lile la mwisho, mpira ukaenda kukaa chini ya jukwaa lile lile, kana kwamba ulikumbuka njia. Alichagua mahali pa kuangukia, hatua tatu ndani. Akafunua uso wa fimbo, akashika kifaranga chake, akafagia. Mpira ukapanda, ukashuka, ukaruka mara moja, ukatulia. Haukuwa karibu na shimo sana, lakini ulikuwa juu.

Msomaji, ningependa kukuambia kwamba alikuwa wa kwanza. La, alikuwa wa tatu, kwa kuwa mashimo ya mwanzo yalimwendea vibaya. Zawadi yake ilikuwa bandari mbili za unga na pesa kidogo. Unga tuligawana na nyanya. Pesa zilipunguza salio la karo, hazikulimaliza, na mama alijazia kwa makadamia. Lakini sauti ya mjomba kwenye simu haikuwa ya mtu wa tatu. Alisema, "Mama, ulikaa juu," akarudia, "ulikaa juu," mpaka salio la simu likaisha.

Kwa hivyo ninyi wa dawati la nyuma, jibu langu ndilo hilo. Gofu niliiona kwenye tuta la nyanya. Atakaye kujifunza aje na gunia, na aje Jumamosi baada ya kazi za nyumbani. Fimbo ni moja, tutapokezana. Mwenda pole hajikwai.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mpira ule ule hubingirika zaidi kwenye grini iliyoinuka kuliko kwenye grini iliyo sawa na mahali ulipopigiwa?
2. Jukwaa lina kimo cha mita 1.5. Ukitaka mpira uingie kwa pembe ile ile kama uliopanda mita 2 na kuanguka mahali palipo sawa, kilele chake kiwe mita ngapi kutoka pale ulipopigiwa?
3. Taja hali moja ambayo hupaswi kuufunua uso wa fimbo, na ueleze sababu.
4. "Nikaisikiliza karo badala ya kuusikiliza mpira." Eleza maana ya maneno haya, kisha utoe mfano mmoja kutoka maisha yako ya shuleni.

(Majibu ya swali la pili yaletwe kwa katibu wa chama. Swali la nne halina jibu moja.)

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu